Gari la Spoti kwa Laki Sita na Nusu: Gharama Ambayo Muuzaji Hatakuambia

Siku binamu yangu alipoenda kuangalia gari, muuzaji hakuzima injini hata mara moja.

Walikutana Jumamosi asubuhi kwenye petroli stesheni moja kando ya Thika Road. Gari lilikuwa Mazda RX-8 nyekundu, plate ya KB, rangi inang'aa kama imetoka kupakwa jana. Milango ya nyuma inafunguka kinyume na ya mbele. Injini ilikuwa inanguruma polepole, na AC imewashwa. "Boss, ingia uskie vile iko. Hii gari ni safi, injini haijawahi guswa," muuzaji akamwambia. Wakaenda hadi Roysambu, wakageuza, wakarudi. Binamu yangu akapiga picha za ndani na nje, akaingia chini kuangalia kama kuna oili inavuja, akakagua tairi. Muda huo wote, injini inanguruma.

Bei ilikuwa shilingi 650,000. Alituma depositi ya 50,000 kwa simu siku hiyo hiyo ili lisichukuliwe na mtu mwingine, na wiki iliyofuata akamaliza deni. Pesa hizo zilikuwa akiba ya sacco ya miaka minne.

Siku ya tatu akiwa na gari, alisimama kwenye supamaketi Ruiru kununua maziwa. Alipotoka, gari likakataa kuwaka. Stata inazunguka vizuri, taa zote zinawaka, lakini injini haishiki. Akakaa pale karibu dakika arubaini akijifanya anaongea na simu. Alipojaribu tena, likawaka kama hakuna kilichotokea. Akasema ni betri, akanunua betri mpya.

Haikuwa betri.

Kila mwezi wateja wetu hutumiana pesa za kununua magari, kulipa mafundi na kununua spea. Wengi mna ile gari ya ndoto: Subaru ya turbo, BMW, Evo, RX-8. Zamani bei yake ilikuwa ya watu wachache. Leo unaiona mtandaoni kwa bei ya Vitz, na moyo unaruka. Kabla hujatuma hata shilingi moja, soma hadithi hii mpaka mwisho.

Kwa nini gari la spoti linauzwa bei ya Vitz?

Hili ndilo swali la kwanza unalopaswa kujiuliza, na jibu mara nyingi halihusu bahati yako.

Tuchukue hiyo RX-8. Mazda walianza kuiuza mwaka 2003 na kusimamisha kuitengeneza mwaka 2012. Ilipotoka, injini yake ilishinda tuzo ya kimataifa ya Injini ya Mwaka 2003. Modeli ya Type S ya Japani ilikuwa na nguvu ya farasi 250, na injini inazunguka hadi mara 9,000 kwa dakika. Si gari la mchezo.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari la mtumba lililopita miaka 8. Gari la mwisho la aina hiyo lilitengenezwa 2012, kwa hivyo ilibidi liwe limeshaingia nchini kufikia mwisho wa 2019. Maana yake ni kwamba RX-8 unayoiona ikiuzwa leo si gari "fresh" kutoka Japani, hata kama tangazo linasema hivyo. Ishapita kwenye matuta yetu, foleni zetu na mikono ya mafundi wetu kwa miaka. Huenda wewe ni mwenye gari wa nne au wa tano.

Na kila mwenye gari alipoliuza, alikuwa na sababu. Mara nyingine ni mtoto amezaliwa na milango ile haifai. Mara nyingine ni kwamba fundi amemwambia bei ya kutengeneza, naye akaamua mtu mwingine ailipe. Bei rahisi inaweza kuwa bili ya garaji ambayo bado haijalipwa, na wewe ndiye unayekabidhiwa.

Ile 1300 cc ya kwenye logbook

Binamu yangu alikuwa na hoja moja kali kila mtu alipomwonya. "Cuzo, logbook inasema 1300 cc. Itakula mafuta kama Vitz."

Ni kweli, logbook inasema 1308 cc. Lakini injini ya RX-8 haina pistoni. Ni injini ya rotari. Ndani kuna vipande viwili vya chuma vyenye umbo la pembetatu, na kila kimoja kinazunguka ndani ya chumba chake. Kila pembetatu ina pande tatu, na kila upande unafanya kazi ya kuvuta mafuta, kuyabana, kuyachoma na kutoa moshi. Ile 1308 inahesabu upande mmoja tu wa kila pembetatu: 654 mara mbili. Japani kwenyewe hawadanganyiki na hesabu hiyo. Kodi ya barabara ya magari ya rotari huko huhesabiwa kwa kuzidisha cc mara 1.5, hivyo RX-8 inalipa kodi kama gari la karibu 2000 cc.

Kwenye foleni ya Nairobi, gari hili linaenda kama kilomita 6 kwa lita. Tuseme lita ni shilingi 180 (bei halisi angalia tangazo la EPRA la tarehe 14 ya kila mwezi). Ukiendesha kilomita 40 kwa siku, unachoma shilingi 1,200. Gari dogo linaloenda kilomita 16 kwa lita litatumia 450. Tofauti ni 750 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, ni shilingi 16,500 kila mwezi, kabla fundi hajafungua boneti.

Halafu kuna oili. Injini hii imeundwa ichome oili kidogo kila wakati, kwa sababu ndiyo inalainisha sili za ndani. Si ugonjwa, ndivyo ilivyo. Mwenye gari anapaswa kuangalia oili kila anapojaza tanki mara mbili, na kuongeza. Mwenye gari aliyezoea kusubiri sevisi ya kila kilomita 5,000 bila kufungua boneti, anaiua injini bila kujua.

Kilichokuwa kibovu

Kwenye kona za zile pembetatu kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyoitwa sili za ncha. Kazi yake ni kuziba, ili mafuta yanapobanwa yasivuje kwenda upande wa pili. Zikichoka, kompresheni inashuka. Injini ikiwa baridi, inaweza kuwaka bila shida. Ikiwa ya moto, oili huwa nyepesi, sili zilizochoka zinashindwa kuziba, na gari halishiki mpaka lipoe.

Sasa unaelewa kwa nini muuzaji hakuzima injini.

Siwezi kusema alikusudia. Labda alikuwa anataka AC tu. Lakini mtu aliyezoea gari hilo angejua kwamba ukilizima likiwa moto, huenda usiliwashe mbele ya mteja.

Pesa ilivyotoka kidogo kidogo

Fundi wa kwanza alikuwa mtu mzuri, ila alizoea Toyota na Nissan. Rotari hakuwahi kuifungua. Akaanza kubahatisha. Kila baada ya siku chache ujumbe unaingia: "Mkubwa, nitumie elfu tatu mia tano ya plagi, na ya kutoa." Kisha koili. Kisha stata, kwa sababu stata inayozunguka kwa kasi zaidi hufanya injini iliyochoka iwake kwa urahisi. Gari likatulia wiki tatu. Binamu yangu akafurahi, akatuposti kwenye grupu ya familia.

Kisha klachi. Kisha tairi, ambazo ni za inchi 18 na hazipatikani kwa bei ya tairi za kawaida. Kisha siku moja pale car wash, kijana aliwasha gari lisogee mita tatu, akazima. Hiyo ni dawa mbaya kabisa kwa rotari baridi. Mafuta yanabaki ndani, plagi zinalowa, na gari linakataa kuwaka. Likavutwa na breakdown hadi garaji.

Mwezi wa sita alichukua mkopo wa simu kulipia klachi. Mkewe akamuuliza swali moja tu: "Baba watoto, hii gari imekula pesa ngapi mpaka sasa?"

Akajibu, "Kama laki moja hivi."

Jioni hiyo tulikaa naye tukapakua stetimenti yake ya miezi tisa. Tukapiga alama kila muamala uliohusu gari, isipokuwa mafuta. Ilikuwa miamala 71, mingi yake chini ya shilingi 5,000. Tukaipanga hivi:

- Koili na plagi: 42,000
- Stata na betri: 31,500
- Klachi: 38,000
- Tairi nne: 60,000
- Oili, filta na kazi ya redieta: 27,500
- Breakdown: 14,000
- Pesa za kazi za mafundi: 46,000

Jumla: shilingi 259,000.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Hakuwa anadanganya aliposema laki moja. Alikuwa anaamini hivyo. Mtu akikuambia leo ulipe 259,000 kwa mkupuo, utakataa, au angalau utalala ukifikiria. Akikuambia utume 3,500, unatuma ukiwa kwenye foleni ya matatu. Simu hurahisisha malipo, na hilo ni jambo zuri, lakini malipo rahisi yanasahaulika haraka.

Mwishowe alimpata fundi anayejua rotari, kupitia wenye magari kama lake. Fundi huyo alikuja na kipimo maalum cha kompresheni ya rotari. Injini mpya husoma kama 8.5 na kiwango cha chini kabisa kinachokubalika na Mazda ni 6.9. Chumba cha nyuma kilisoma chini ya 6. Kipimo hicho kilichukua chini ya saa moja. Makadirio ya kufungua injini na kuijenga upya yalikuwa shilingi 380,000.

Hakuwa nayo. Aliliuza gari kama lilivyo, kwa mtu anayetaka spea, kwa 210,000. Ukijumlisha 650,000 na 259,000, kisha utoe 210,000, unapata 699,000. Laki saba kasoro elfu moja, kwa miezi tisa, bila kuhesabu mafuta, bima na riba ya ule mkopo.

Mambo ya kufanya kabla hujatuma depositi

Hatuandiki haya kukukataza gari la ndoto yako. Kuna watu wanaendesha RX-8 na Subaru za zamani kwa raha, kwa sababu walijua wanachonunua. Hivi ndivyo wanavyofanya.

*1. Tafuta rekodi ya gari.* Ingia kwenye akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen, utafute gari kwa nambari ya usajili. Ada yake haifiki shilingi 1,000. Rekodi inaonyesha jina la mwenye gari aliyesajiliwa. Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na la muuzaji, gari hilo bado lina deni. Pia kuna sajili ya mali inayohamishika iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2017, ambayo huonyesha kama gari limewekwa dhamana ya mkopo. Gari likiwa na deni, mkopeshaji anaweza kulichukua hata kama wewe umelilipia lote.

*2. Linganisha majina matatu.* Jina kwenye rekodi, jina kwenye kitambulisho cha muuzaji, na jina linalotokea kwenye simu yako kabla hujaweka PIN. Yote matatu yawe ya mtu mmoja. Akisema "tumia hii ya shemeji yangu, yangu imefungwa," usitume.

*3. Usilipe pesa ya kuona gari.* Hakuna gari la halali linalohitaji utume "ya kushikilia" kabla hujaliona kwa macho yako. Matapeli huchukua picha za gari la mtu mwingine, huweka bei tamu, kisha hukuambia kuna wateja wengine watatu njiani.

*4. Piga simu kwa bima kwanza.* Kampuni nyingi husita kutoa bima ya komprehensivu kwa gari lenye umri mkubwa. Ukibaki na third party pekee, bima italipa hasara ya uliyemgonga, lakini si ya gari lako. Jua hilo kabla ya kununua, si baada ya ajali.

*5. Tafuta fundi kabla ya gari.* Uliza wenye magari ya aina hiyo fundi wao ni nani, spea wanatoa wapi na huchukua siku ngapi kufika. Kama spea nyingi hazipo Kirinyaga Road na zinaagizwa kutoka nje, gari lako litakaa garaji wiki kadhaa kila linapoharibika. Je, utakuwa ukienda kazini na nini?

Siku ya kuangalia gari

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa moto, amelipasha kwanza, na huwezi kujua linavyowaka likiwa baridi. Rudi siku nyingine.

Kisha fanya hivi kwa utaratibu. Liwashe likiwa baridi, usikilize na uangalie moshi. Liendeshe angalau dakika 20, barabara ya kasi na ya foleni pia. Rudi, uzime. Subirini dakika 10, mkiongea kuhusu karatasi. Kisha liwashe tena. Kwa RX-8, kuwaka huku kwa pili ndiko kunakokueleza hali ya injini. Ikizungushwa kwa muda mrefu bila kushika, shukuru na uende nyumbani.

Usiutegemee mshale wa joto pekee. Kwenye RX-8, mshale hukaa katikati hata joto linapopanda, na ukianza kusogea huenda umechelewa. Angalia maji ya redieta na feni zikifanya kazi.

Mwisho, lipia kipimo cha kompresheni. Kipimo cha kawaida cha injini ya pistoni hakitoshi kwa rotari, kwa sababu unahitaji kusoma pande tatu za kila chumba. Muuzaji akikataa gari lisipimwe hata kwa gharama yako, hilo nalo ni jibu.

Na kama si RX-8?

Kila gari la spoti la zamani lina mahali pake pa kuumia. Ukijua mahali hapo, unajua cha kuuliza.

Subaru za turbo zenye injini ya EJ20 zina taiming belti ambayo hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ikikatika ukiwa njiani, valvu na pistoni hugongana, na injini inaharibika hapo hapo. Uliza ilibadilishwa lini, na uone risiti. Turbo nayo inaishi kwa oili safi, kwa hivyo mwenye gari aliyekuwa akirukisha sevisi atakuachia turbo iliyochoka. Na kwa sababu magurudumu yote manne yanasukuma, tairi zinapaswa kulingana. Ukiona tairi mbili mpya na mbili zimeisha, au kampuni tofauti kila upande, jua mwenye gari alikuwa akikata gharama.

BMW za E46 zina vipande vingi vya plastiki kwenye mfumo wa kupoesha injini. Plastiki ikizeeka hupasuka, maji yanamwagika, na ukiendelea kuendesha injini inapata moto kupita kiasi. Mwenye gari makini hubadilisha vipande hivyo kabla havijapasuka.

Usishike sana kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Zinaweza kurudishwa nyuma. Risiti za garaji zenye tarehe ni ushahidi mzuri zaidi. Muuzaji aliyekuwa akilipa mafundi kwa simu anaweza kukuonyesha jumbe za malipo. Mwombe kwa heshima. Mtu aliyelitunza gari lake huwa na furaha kukuonyesha.

Siku ya kulipa

Andikeni makubaliano ya mauziano, ikiwezekana mbele ya wakili, yenye majina, nambari za vitambulisho, nambari ya chesisi na hali ya gari. Depositi iwe ndogo, na makubaliano yaseme itarudishwa lini na kwa sababu gani.

Pesa nyingi kama laki sita haziendi kwa simu mara moja, kwa sababu kuna kikomo cha kila muamala. Muuzaji akikuambia uzigawanye kwa nambari nne za watu tofauti, simama. Lipa baki kupitia benki kwa akaunti yenye jina la mwenye gari, siku ile ile anapoanzisha uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA. Yeye anaanzisha kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako. Usikubali kupewa logbook na ahadi ya "tutafanya transfer baadaye." Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 tu za kutumia gari kabla halijasajiliwa kwa jina lako.

Na ukishatuma pesa kwa hiari yako kwa mtu, kuzirudisha si jambo la uhakika. Ukikosea nambari, omba irejeshwe mara moja. Lakini tapeli hutoa pesa ndani ya dakika chache. Kinga yako kubwa ni lile jina unalosoma kabla ya kuweka PIN.

Fungu la garaji

Kama una laki tisa, tafuta gari la laki sita. Zile tatu si za sherehe. Ni za mwaka wa kwanza: sevisi kamili, tairi, na lile jambo moja ambalo hukuliona. Gari likikataa kula hizo tatu, bado ni zako.

Weka fungu hilo mahali tofauti na pesa zako za kila siku, kwenye akiba ya simu iliyofungwa au sacco. Ongeza kila mwezi, hata gari likiwa halina shida. Gari la zamani linalotembea vizuri mwezi huu linakusubiri mwezi ujao.

Unapolipa fundi, fuata haya:

- Lipa spea moja kwa moja kwa till ya duka, si kupitia nambari ya fundi. Stetimenti itabaki na jina la duka na bei halisi.
- Omba risiti, na umwambie fundi akurudishie kipande cha zamani.
- Kubaliana bei ya kazi kabla gari halijafunguliwa, na ulipe baki kazi ikiisha.
- Kila mwisho wa mwezi pakua stetimenti, jumlisha kila kilichoenda kwa gari, uandike jumla hiyo mahali utakapoiona.
- Jiwekee kikomo mapema. Jumla ikifika kiasi fulani, unasimama na kupima injini yote kabla ya kutuma "elfu tatu nyingine."
- Usichukue mkopo wa simu kutengeneza gari ambalo bado hujajua ugonjwa wake. Ukishindwa kulipa kwa wakati, gharama inaongezeka wakati gari bado liko juu ya mawe.

Binamu yangu alimaliza kulipa ule mkopo mwezi uliopita. Siku hizi anaendesha Toyota ya kawaida, na RX-8 ikipita bado anageuza shingo. Anasema akipata pesa atanunua nyingine. Nilimuuliza sasa atafanya nini tofauti.

"Nitamwambia muuzaji azime kwanza," akasema. "Halafu tukunywe chai."

*Kumbuka: hatutakupigia simu kamwe kukuomba PIN yako, wala hatuhifadhi depositi kwa niaba ya muuzaji yeyote wa gari. Ukiambiwa hivyo, kata simu.*